Wanapopanga Mambo ya Ndovu, Nasi Tuitwe

Maoni ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Kaloleni, Voi

Mimi si mtaalamu wa wanyamapori, wala sijawahi kuvaa yale magwanda ya kijani. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, umri wangu miaka 16, na kila siku ya shule natoka Kaloleni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Lakini macho ninayo, masikio pia ninayo, na sisi wakaaji wa Voi mambo ya ndovu hatuyasomi vitabuni pekee. Tunakutana nayo njiani. (Nasema ndovu makusudi. Nikisema tembo, wenzangu waliotoka Kilifi wataanza kucheka wakidhani nazungumzia la mnazi.)

Mwaka uliopita, muhula wa pili, kulikuwa na ndovu dume mmoja aliyezoea kuvuka jioni upande wanakotoka baadhi ya wenzetu. Hakuua mtu, tumshukuru Mungu. Alipita tu, kwa mwendo wake wa pole, kama mwenye mji. Basi ikabidi wanafunzi wa upande ule waachiliwe saa kumi kamili, nasi wengine tubaki kwa masomo ya jioni hadi saa kumi na mbili kasorobo. Mambo yakaenda hivyo wiki mbili na siku kadhaa. Katika wiki hizo mbili mwalimu wetu wa hesabu alimaliza mada ya duara na tanjenti. Mwenzangu ninayeketi naye dawati moja aliikosa karibu yote. Mtihani ulipokuja, swali la tanjenti likawepo, tena la alama 10. Je, alama hizo 10 atazidai wapi? Fomu ya fidia ya mahindi ipo. Fomu ya fidia ya alama sijaiona.

Nimeanza na kisa hiki kidogo kwa sababu vile vikubwa mnavijua. Kuna watu wameuawa katika kaunti hii wakienda kuchota maji, wakirudi kutoka sokoni, wakilinda mashamba usiku. Kila mmoja wetu anajua jina moja au mawili, na sitayaandika hapa. Ninalotaka kusema ni hili: ndovu wa Tsavo wanahitaji mpango wa muda mrefu, mrefu kweli kweli, na mpango huo hauwezi kufaa kitu ikiwa sisi tunaoishi nao tutaulizwa mwishoni, kwa lugha ya kigeni, saa ambayo hatuwezi kufika.

Hebu kwanza tutazame nchi yetu ilivyo. Kaunti ya Taita Taveta ina zaidi ya kilomita mraba 17,000. Karibu asilimia 62 ya eneo hilo ni mbuga, yaani Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ondoa mashamba makubwa ya katani, ondoa ranchi, ondoa milima yenyewe, kisha uniambie mtu wa kawaida anabaki na nini. Anabaki na kipande kilicho katikati ya wanyama pande zote. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anaposema "ati watu wa Voi wameingilia ndovu", mimi huuliza, tungekaa wapi? Juu ya mbuyu?

Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, Mwingereza akiwa bado ndiye mtawala. Nyika ile ilikuwa kavu, ina mbung'o, haikutamaniwa na mkulima wa kizungu, ndipo ikaonekana inafaa wanyama. Hakuna aliyekwenda kwa Mtaita, Mkamba, Mduruma wala Mwaata kumwuliza, "Bwana, wewe unaonaje?" Waata ndio walioumia zaidi. Hao walikuwa wawindaji wa ndovu kwa upinde na mshale wa sumu tangu jadi, na hakuna aliyewajua ndovu wa Tsavo kuwapita. Mwaka 1956 na 1957 walisakwa vichakani, wakakamatwa na kufungwa kwa kuwinda kinyume cha sheria, sheria ambayo hawakuisikia hata siku moja ikitungwa.

Kisha ikaja miaka ya 1960, na kisa hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Ndovu walikuwa wameongezeka mbugani hata wakaanza kuimaliza miti. Mibuyu iliangushwa, vichaka vikageuka kuwa majani matupu. Akaja mtafiti Mwingereza, Richard Laws. Mwaka 1966 ndovu 300 walipigwa risasi ili wachunguzwe, naye akataka maelfu zaidi waondolewe, kwani aliona bila hivyo wataharibu makazi yao wenyewe na kufa kwa njaa. Msimamizi wa Tsavo Mashariki, David Sheldrick, akakataa katakata. Yeye alishikilia kwamba maumbile yaachwe yajirekebishe yenyewe. Wakavutana, wakavutana, hata mwaka 1968 Laws akafunganya virago. Miaka miwili baadaye mvua ikakatika. Katika ukame wa 1970 na 1971 ndovu wapatao 6,000 walikufa Tsavo, wengi wao majike na watoto, kwa kuwa jike mwenye ndama hawezi kwenda mbali na maji kutafuta majani. Waliosalia wakaangukia mikononi mwa majangili. Hesabu ya mwaka 1988 iliwakuta ndovu kama 5,400 tu katika Tsavo nzima.

Wahenga walisema ndovu wawili wakisongana, ziumiazo ni nyika. Safari hii waliosongana walikuwa wataalamu wawili, na nyika ilikuwa ni yetu. Sitaki kuamua nani kati yao alikuwa na haki. Mwalimu wetu wa biolojia anasema mpaka leo wenye elimu yao hawajakubaliana. Mimi linalonishangaza ni jingine. Mjadala ule wote, wa miaka mingi, wenye mambo ya uhai na kifo, uliendeshwa bila mzee hata mmoja wa Sagalla au Mbololo kuulizwa ukame uliopita ulikuwaje na ndovu walikwenda wapi. Wazee walikuwepo, tena wana kumbukumbu. Ila hawakuwa kwenye orodha ya kualikwa.

Leo mambo yamebadilika, na nitasema yaliyo mema bila kinyongo. Sensa ya kwanza ya wanyamapori wa nchi nzima, iliyofanywa mwaka 2021, ilihesabu ndovu 36,280 Kenya nzima, na Tsavo ndiko waliko wengi kuliko kwingine kokote nchini, karibu 15,000. Kutoka 5,400 hadi 15,000 si mchezo. Askari wa wanyamapori wamekufa kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini ndovu wakiwa wengi ndipo mpango unapohitajika zaidi, maana mbuga haijakua hata hatua moja, na sisi pia tumeongezeka. Mvua nayo imekuwa ya kubahatisha. Kati ya Februari na Oktoba mwaka 2022 ukame uliua ndovu 205 nchini. Maji yakikauka mbugani, wanakuja kwenye matangi yetu, mifereji yetu, migomba yetu. Mtu mwenye kiu hasomi kibao cha "usiingie", sembuse ndovu.

Ninaposema muda mrefu nina maana gani? Serikali ilikuwa na mkakati wake wa ndovu wa mwaka 2012 hadi 2021, na sasa kuna mpango wa taifa wa 2023 hadi 2032. Miaka 10, miaka 10. Lakini ndovu hubeba mimba miezi 22 na huishi miaka 60 na zaidi. Ndama jike aliyezaliwa mwaka huu kando ya Mto Voi atakuwa bado anapita hapa mimi nikiwa na mkongojo. Tena atapita njia ileile aliyofundishwa na mamake, ambaye alifundishwa na mamake. Njia hizo zilikuwepo kabla ya shule yetu, kabla ya reli ya kwanza iliyofika hapa mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya barabara ya Mombasa. Reli mpya ya SGR ilipofunguliwa Mei 2017, tuta lake refu lilikatiza nyika kama ukuta. Walijenga vivuko chini yake kwa ajili ya wanyama, na ndovu wamevizoea baadhi, hilo ni jambo jema. Ila kila unapofunga njia moja, ndovu haendi nyumbani kulala. Anatafuta nyingine. Na hiyo nyingine inapita kwa nani? Hapo ndipo mpango unapokuwa wetu, tukipenda tusipende.

Sheria inakubaliana nami. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataja kuhusishwa kwa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa, na kifungu cha 69 kinaiagiza Serikali ihimize wananchi washiriki katika kutunza mazingira. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 nayo inataka mbuga iwe na mpango wa usimamizi, na watu wapewe nafasi ya kutoa maoni kabla haujapitishwa. Tangazo litolewe katika gazeti rasmi la Serikali, magazetini na redioni, kisha watu walete maoni kwa maandishi. Ni vizuri kabisa. Sasa njoo nikupeleke kwa nyanya yangu.

Nyanya yangu anaishi Sagalla ya chini, ana shamba la pojo, mahindi na kunde. Gazeti rasmi la Serikali hajawahi kuliona, na hata mimi sijaliona. Redio anayo, lakini betri ni za kusikiliza taarifa ya vifo na mahubiri. Kuandika hajui, ila ukimwuliza ndovu wamepita wapi, lini, wangapi, dume au jike mwenye mtoto, atakujibu akipepeta mahindi bila kuinua kichwa. Anajua kinyesi cha jana na cha juzi. Anajua yule dume mwenye pembe moja iliyovunjika huja mwezi ukiwa mdogo, na kwamba haogopi tena debe likipigwa, lakini harufu ya pilipili ikichomwa humrudisha nyuma kama upepo uko upande wake. Ujuzi huo wote hauna pa kuandikwa katika "maoni kwa maandishi".

Wakati wa likizo ya Aprili nilifuatana naye kwenye mkutano mmoja wa kukusanya maoni. Walioitisha sitawataja, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Tuliambiwa saa nne asubuhi. Nyanya aliamka saa kumi usiku ili achote maji kwanza. Mkutano ulianza saa sita. Kila mtu alitia sahihi kwenye karatasi, au dole gumba, akapewa soda. Halafu bwana mmoja akawasha mashine ya kuonyesha picha ukutani, na maandishi yote yakawa Kiingereza, mistari mingi midogo midogo kama siafu. Kitabu chenyewe cha mpango kilikuwa mezani, kinene, kimeshapigwa chapa. Nikajiuliza, kwani maoni haya tunayoyatoa yataingia ukurasa wa ngapi?

Ulipofika wakati wa maswali nyanya aliinua mkono. Akasimama, akashika mgongo, akaanza kueleza kwamba tangu jirani mmoja azungushe seng'enge kwenye kiwanja chake, ndovu wameiacha njia ya zamani na sasa wanashuka na mto mkavu, watatu watatu, wanatokea karibu na njia ya watoto wa shule ya msingi. Bwana yule akatazama saa. Akasema, "Mama, tafadhali uliza swali, usitoe hadithi."

Hadithi! Si hayo ndiyo maoni yenyewe? Mtu ametoka kwake alfajiri kuja kukuonyesha mahali mtoto wa watu anaweza kufa, bure, bila kudai posho, nawe unamwambia asitoe hadithi. Nyanya aliketi. Hakusema neno tena mpaka tunashuka kwenye bodaboda. Lakini dole gumba lake liko kwenye ile karatasi, na nina hakika mahali fulani imeandikwa kwamba wananchi walihusishwa.

Huyu ndiye nyanya ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo alilala na shamba na kuamka bila shamba. Ndovu wawili, ekari moja na nusu ya pojo zilizokuwa karibu kuvunwa, usiku mmoja. Sheria ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Kwa mazao hulipwa kwa bei ya soko, lakini hulipwi ikiwa hukuchukua hatua za kutosha kulilinda shamba lako. Hatua za kutosha ni zipi kwa ajuza mwenye tochi na debe? Alijaza fomu kwa msaada wangu, akalipa bodaboda mara nne, huku akiambiwa mwenye muhuri ametoka, kesho mwenye muhuri yupo lakini mkadiriaji hayupo. Fomu iko ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro. Panya hawajaifikia.

Sasa usidhani nyumbani kwetu sote tunaimba wimbo mmoja. Mjomba wangu, akisikia ndovu, husema, "Nipeni bunduki moja na wiki moja, mpango wa muda mrefu nitaumaliza mimi." Lakini binamu yangu ni mpishi katika hoteli moja ndani ya mbuga. Wageni wanatoka Ujerumani na Italia kuja kuona ndovu wekundu wa Tsavo, wekundu kwa udongo wetu huu huu, na mshahara wake ndio uliolipa karo yangu mwaka huu. Nilipovaa sweta hii nilivalishwa na ndovu. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, binamu alirudi nyumbani akakata miti, akauza makaa kando ya barabara. Hivyo mjomba na binamu hubishana mezani, nami niko katikati nikila. Wote wawili wana haki kiasi. Mpango wowote ambao haukuwasikia wote wawili utapingwa na mmoja wao usiku, kwa siri, na ndovu atakutwa asubuhi ana mkuki.

Wako wanaoogopa kuwauliza wananchi. Wanasema sisi hatujui sayansi, tukiulizwa tutajibu kama mjomba. Hofu hiyo naielewa, ila nina mambo mawili ya kujibu.

La kwanza ni nyuki. Tangu mwaka 2009 wakulima wa Sagalla wamekuwa wakijaribu ua wa mizinga pamoja na watafiti wa shirika la Save the Elephants. Mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba, kila baada ya mita 10, mmoja wa kweli na mmoja wa bandia, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka kwa hasira. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini ndani ya mkonga na pembeni mwa macho nyuki humpata barabara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao, kati ya ndovu walioyakaribia mashamba hayo, hadi asilimia 86 walizuiwa. Na mkulima anapata asali ya kuuza. Hapo sayansi na jembe vilikaa meza moja. Mkulima ndiye anayejua mzinga ukae wapi, nani anaupa maji, na nyuki wamehama lini. Dawa kamili haikuwa, nisiseme uongo. Baada ya ukame wa 2017 nyuki walipungua sana, na asali ikapungua kwa miaka. Nyanya hana mizinga. Anasema maji ya kunywa yeye yanamshinda, atawapa nini nyuki? Hilo nalo ni oni ambalo mtafiti angelipenda kulisikia.

La pili liko mbali, nchini Botswana, kwenye ndovu wapatao 130,000, wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mwaka 2014 Serikali yao ilipiga marufuku uwindaji. Watu wa vijijini wakalalamika. Mwaka 2018 kamati ya mawaziri ikaanza kuzunguka kwenye mabaraza ya vijiji, yale wanayoyaita kgotla, mahali watu hukaa chini na kila mtu husema. Mei 2019 marufuku ikaondolewa. Mimi uamuzi huo siupendi. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na naona tubaki hivyo, maana nikimwazia tajiri akilipa pesa ili apige picha na maiti ya ndovu moyo unachafuka. Wapo pia waliosema Serikali ile ilikuwa inatafuta kura. Lakini waliwafuata watu walipo, kwa lugha yao. Sisi tunaojisifu kwa Katiba nzuri tunawaita watu hotelini.

Haki idai pande zote, kwa hiyo nasi tujitazame. Wapo kati yetu wanaolima palepale ndovu wanapopita, wakijua. Wapo wanaopitisha ng'ombe na ngamia mbugani usiku kwa mamia, wanaokula nyama ya dikidiki na kuiita mbuzi. Ranchi zinagawanywa vipande vipande na kuuzwa kwa watu ambao hawajui kwamba kiwanja walichonunua ni barabara kuu ya ndovu. Tukiitwa kwenye baraza la kweli, haya nayo yatasemwa, tena yatasemwa na majirani, si na askari. Mtu humwogopa jirani yake kuliko faini.

Na pesa? Hilo ni jipu, nitaligusa tu. Maasai Mara ni hifadhi iliyo chini ya kaunti, kwa hiyo mapato ya lango lake huingia Narok. Tsavo ni mbuga ya taifa, na mapato yake huenda kwenye Shirika la Wanyamapori, KWS. Viongozi wetu wamedai mgao miaka nenda miaka rudi. Naunga mkono, lakini naogopa pia kwamba mgao ukija utaishia mjini kwenye makongamano. Mpango useme wazi ni kiasi gani kitafika kwenye lambo la maji la kijiji kipi.

Basi kama ningekuwa mimi ndiye ninayeandika mpango wa ndovu wa Tsavo, kitabu kile kingekuja mwisho. Ningeanza na kijiti na mchanga. Ningekwenda Kajire, Ndii, Maungu, Mwatate, hapa Kaloleni na mitaa yote ya pembeni mwa mji, saa tisa alasiri au Jumapili baada ya ibada, kiangazi, watu wakiwa hawana palizi. Ningewaambia wachore chini njia za ndovu za zamani na za sasa, maji yako wapi, watoto hupita wapi na saa ngapi. Atakayetaka kusema Kidawida aseme, Kisagalla aseme, Kiduruma na Kikamba vilevile, aandikwe. Wanafunzi wa kutwa wa kila shule waulizwe, kwani hakuna anayezitembea njia hizi saa mbaya kutushinda. Halafu mpango ukishaandikwa urudi uleule mchangani, kwa Kiswahili, ukisema: ninyi mlisema hili, tumelikubali, na lile tumelikataa kwa sababu hii. Mtu akijua sababu, hata akikataliwa, hurudi mkutano wa pili.

Kwa nini nasisitiza Kiswahili? Si kwa sababu naandikia gazeti la Chama cha Kiswahili, ingawa mlezi wetu atafurahi. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mpango unaoamua ndovu wapite kwa nani, ukiandikwa kwa lugha ambayo huyo nani haisomi, umeandikwa kwa siri hata kama umetundikwa ukutani. Wakisema hawana mfasiri, waje kwetu. Tuko wanachama 34, na wa Kidato cha Nne ni hodari wa ufupisho. Tutaufupisha mpango wao kwa kurasa 8, bure, watupe chai tu. Nimemwambia mwenyekiti wetu, naye amekubali nililete jambo hili kwenye mkutano wa kwanza wa muhula ujao, tuandike barua.

Juzi nilimwuliza nyanya, kama mpango ungeandikwa upya, yeye angetaka uwe na nini. Nilidhani atasema fidia, au fensi ya stima, au ndovu wahamishiwe kwingine. Alifikiri sana. Akasema angetaka mtu wa kumpigia simu jioni wakishaonekana wametoka upande wa mbuga, ili awahi kuwaingiza watoto ndani na kuwasha pilipili. Kisha akacheka akasema nao wameona tabu, maji hakuna huko.

Na mkutano akialikwa tena? Amesema atakuja. Ila uwe alasiri, asubuhi anachota maji.